Kioo Cheusi cha Zilpah

"Lori limetoka Homa Bay na limetupotea. Clifford anajua liliko. Kaa naye dakika ishirini, umsikilize."

Zilpah Nyanchama aliipokea amri hiyo kwenye kidude cha sikioni, chini ya kilemba, akipanda ngazi za duka la Clifford mjini Migori. Fimbo nyeupe ilimtangulia. Miguu ilimuuma. Miaka kumi na tisa ya ujasusi, na ngazi bado hazina pa kushika.

Kompyuta arobaini za nukta nundu, mali ya wanafunzi wasioona wa Mbita, zilikuwa njiani kuvushwa mpaka. Mtihani ni Jumatatu. Mwaka jana mpwa wake Beverly, mmoja wa wanafunzi hao, aliandikiwa majibu na mtu mwingine, akafelishwa na mkono usio wake. Zilpah hakutaka kumsikia tena akilia.

Clifford hakumshuku. Kwake huyu alikuwa mama wa chama cha wasioona tu, aliyeitwa kutia alama ya kidole kwenye hati kwamba mzigo umefika. Hata hivyo aliichukua simu ya Zilpah, Samsung kuukuu, akaitazama.

Kioo cheusi tii.

"Hii imezima, mama," akasema, akaiweka mezani.

Akampigia dereva palepale, bila kushusha sauti. Watu huongea mbele ya asiyeona kana kwamba hasikii pia. Dharau hiyo ilikuwa imemchosha Zilpah, ingawa ndiyo iliyomlisha.

"Wacha mpaka wa Isebania, kuna maaskari. Hapo Rongo ingia nyuma ya ile mashine ya unga. Fuso ya bluu inakungoja, hamishia mzigo hapo."

Zilpah akachelewesha kidole. Akaomba asomewe hati. Akaomba asomewe tena.

Dakika kumi na moja zikapita.

Sikioni, simu ikamsomea ujumbe wa Mokua, mwenzake. Akakizima kidude ili simu iseme wazi. Simu ikaurudia ujumbe kwa sauti pale mezani, mbio kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria.

Clifford akashtuka. "Si ilikuwa imezima? Inasema nini?"

"Nilizima kioo tu. Mwanga unanimalizia chaji bure," Zilpah akasema. "Inasema Fuso imeshikwa Rongo, na zote arobaini ziko. Imekuwa ikikusikiliza na kuwapasha wenzangu tangu niketi."

Polisi wawili wakaingia. Zilpah akaisukuma hati isiyo na alama ya kidole, akashuka ngazi moja moja.

Barabarani, simu ikalia. Beverly.

"Anti, zimefika?"

"Zinakuja. Jumatatu utaandika mwenyewe."

Zilpah akakata simu, akaita bodaboda na kumwomba dereva aende polepole, kwa sababu ya mgongo.