Pumzi za Kitanda cha Pili

Jioni ile mwokaji mikate alitumwa plasta. Kitu kidogo tu, plasta pana ya kushikiza mpira uliopita mdomoni mwa binti yake kwenda kooni, maana ile ya mwanzo ilikuwa imelowa mate na kuanza kubanduka, na stoo ya hospitali haikuwa na nyingine. Akashuka ngazi, akavuka barabara hadi duka la dawa, akarudi mbiombio huku jua likizama nyuma ya matangi ya maji.

Binti mwenyewe alikuwa na miaka kumi na minne. Juzi alfajiri aliingia bandani kuchukua kuni za tanuri, mkono ukapita penye giza, nyoka akamgonga. Hakulia sana. Kufika saa tatu kope zikawa nzito. Kufika saa tano sauti ikakwama. Kabla ya adhuhuri kifua kilikuwa kimesahau kazi yake.

"Sumu imelaza misuli," daktari alimwambia baba. "Ni ya muda tu. Mashine ikimpumulia siku nne tano, atarudi. Ila asikose pumzi."

Mama wa binti alifariki zamani. Walikuwa wawili tu, baba na mwana, kama pete na kidole. Ndiyo sababu mwokaji alikuwa hajalala usiku wa pili sasa.

Alikuwa ngazi ya tatu umeme ulipokatika.

Nyuma ya jengo jenereta ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Mwokaji akaacha kupanda ngazi, akaanza kuziruka.

Chumba cha wagonjwa mahututi kilikuwa na mashine mbili za kupumulia, na betri zake zilikufa siku nyingi. Ule mlio wake uliozoeleka, fsss... tk... fsss... tk, haukuwepo. Katikati ya vitanda viwili alisimama nesi, mwanamke mtu mzima mwenye mabega mapana. Kila mkono ulikuwa umeshika mfuko wa mpira, mkubwa kama nazi, akiibonyeza kwa zamu kama mtu anayekamua ng'ombe wawili kwa mpigo.

"Baba, njoo upokee wako," alisema bila kugeuka. "Huu unaitwa ambu. Bonyeza taratibu. Kifua kikipanda, achia. Hesabu mpaka nne, ubonyeze tena. Usiharakishe, usichelewe."

Akapokea. Akabonyeza. Kifua cha binti kikapanda chini ya shuka, kikashuka. Moja, mbili, tatu, nne. Akabonyeza tena. Hajawahi kushika kitu chepesi kilichokuwa kizito vile.

Kitanda cha pili kilikuwa cha mke wa kinyozi. Alijifungua siku tatu zilizopita, kifafa cha mimba kikamshika, tangu hapo hajafumbua macho. Mumewe alikuwa ghorofa ya chini kumwona mtoto. Alipoingia akihema, nesi akamkabidhi ambu ya pili na maelekezo yaleyale. Kisha akavuta pazia katikati ya vitanda, akaweka taa ya kuchaji upande wa kinyozi na tochi upande wa mwokaji.

"Nisikilizeni wote wawili," alisema kwa sauti ya chini. "Mtu akichoka, aniambie mimi. Mpira huu msimpe mtu mwingine. Hata akija na upole wa namna gani."

"Nani atakuja saa hizi, sista?" kinyozi aliuliza.

Nesi akawa anapima shinikizo la damu.

Wakaendelea. Kinyozi alikuwa mwenye maneno, na maneno yalimsaidia. "Mzee wangu," aliita toka nyuma ya pazia, "ukiona nimenyamaza, nipigie kelele. Mimi nikinyamaza nimelala. Hata wateja wangu wanajua."

"Na mimi je, nikikoroma?"

"Ukikoroma nitajua mkate umeumuka."

Mwokaji akacheka, cheko la kwanza tangu juzi. Wakahesabu pamoja kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza. Moja... mbili... tatu... nne. Puf. Mikono yake ilizoea kukanda unga magunia kwa magunia, lakini unga una mapumziko. Baada ya saa nzima dole gumba likaanza kukakamaa. Baada ya saa moja na nusu hakulisikia kabisa.

Ilipata kama saa mbili na nusu nesi alipotazama mshale wa mtungi wa oksijeni. "Unaelekea kwisha," alisema. "Nashuka tukausukume mwingine na mlinzi. Dakika kumi tu. Mpira usitoke mikononi mwenu."

Viatu vyake vikasikika vikishuka. Halafu havikusikika.

Moja... mbili... tatu... nne.

Puf.

Kulikuwa na harufu. Mwokaji aliinusa kabla hajaijua. Harufu ya nguo iliyofuliwa ikakosa jua, ikakaa mbichi ndani ya beseni siku nyingi. Akataka kumuuliza kinyozi kama anaisikia. Akafungua mdomo...

Usingizi haukubisha hodi. Ulimbeba tu.

Alipozinduka, mikono yake ilikuwa bado inabonyeza.

Ilikuwa inabonyeza hewa.

Akainua macho kwa binti. Kifua kikapanda, kikashuka, vizuri kabisa, vizuri kuliko alivyoweza yeye. Kichwani pa kitanda alisimama mwanamke na ambu mikononi. Miguu mitupu. Shuka la hospitali mabegani. Nywele zake zilikuwa zimesukwa upande mmoja tu, upande wa pili zimeachwa zikiwa wazi, kana kwamba aliitwa ghafla katikati ya kusukwa.

Alikuwa ananong'ona.

"Arobaini na moja."

Puf.

"Arobaini."

Puf.

"Thelathini na tisa."

"Mama," mwokaji alisema. Sauti ilitoka kavu kama ukoko. "Nashukuru. Nirudishie sasa."

"Umechoka, baba."

"Nimeshapumzika."

"Thelathini na saba."

Akaweka mikono yake juu ya mikono ile. Ilikuwa kama kushika nguo mbichi kwenye kamba. Akavuta kidogo. Haikuachia. Akatazama plasta mdomoni mwa binti, plasta aliyoinunua mwenyewe jioni, akajua kuwa akinyakua kwa nguvu mpira wa kooni utatoka, na hapo ndipo pangekuwa mwisho.

"Unahesabu nini?" alinong'ona.

"Zilizobaki."

Nyuma ya pazia kinyozi alikuwa anaendelea na hesabu yake, taratibu, kwa utiifu. Moja... mbili... tatu... nne. Hakusikia kitu. Au alisikia, akadhani nesi amerudi.

"Niachie mwanangu," mwokaji alisema. "Sina mwingine."

"Mimi pia sikuwa na mwingine." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayemweleza mwenzake njia. "Ishirini na mbili."

"Nichukue mimi."

"Wewe unapumua mwenyewe. Nawapata hawa tu, ambao pumzi yao iko mikononi mwa mtu."

Puf.

"Kumi na nane."

Machozi yakaanza kumtoka mwokaji, hakuyafuta. Aliomba. Aliapa. Aliahidi mambo ambayo hakuwa nayo. Mwanamke alisikiliza yote, huku akibonyeza kwa upole, huku akishuka. Kumi na tano. Kumi na mbili. Kumi na moja. Halafu akamtazama kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa umejaa huruma. Hicho ndicho kilichomtisha kuliko yote.

"Basi nimchukue nani?" aliuliza.

Mwokaji hakujibu. Mungu ni shahidi, hakufungua kinywa. Lakini wahenga walisema macho hayana pazia. Macho yake yalihama. Kufumba na kufumbua tu. Yalikwenda kwenye kile kitambaa cha kijani kati ya vitanda, ambapo taa ilichora kivuli cha kijana aliyeinama akimpulizia mkewe uhai kwa viganja vyake. Kisha yakarudi.

Mwanamke akafuata alikotazama.

"Tisa," alisema.

Na ambu ikawa mikononi mwa mwokaji.

Mwanamke akapita kwenda upande wa pili. Pazia halikutikisika. Harufu ile ilimfuata nyuma, kama mbwa na mwenyewe.

Mwokaji alibonyeza. Moja, mbili, tatu, nne. Angeweza kuita. Angeweza kusema, kijana, tazama nani yuko hapo. Alibonyeza. Nyuma ya pazia kinyozi alihesabu kwenda juu, na chini ya sauti yake, nyembamba kama uzi, sauti nyingine ilihesabu kwenda chini.

"Moja... mbili..."

*Nane.*

"Mzee wangu," kinyozi aliita. "Unasikia harufu? Kama ya nguo mbichi."

Mwokaji akabonyeza ambu.

"Sisikii kitu," alisema.

"Labda ni uchovu. Tatu... nne."

*Saba.*

Puf.

*Sita.*

Alijaribu kuziba masikio kwa kuhesabu kwa sauti kubwa. Kinyozi akadhani anamtia moyo, akapandisha yake pia. Wakahesabu pamoja, wanaume wawili gizani, hadi mmoja akaacha.

"Sista," kinyozi alisema.

Ngazini hakukusikika viatu.

"Sista, njoo. Kifua kinapanda, lakini... mkono wake umelegea. Mzee wangu, nabonyeza sawasawa. Sijakosa hata moja. Sista."

Nesi alifika na mlinzi wakisukuma mtungi. Daktari alifika baada yake. Walifanya yote yanayofanywa, na kinyozi alisimama ukutani mikono mbele, vidole bado vikifunga na kufunguka. Umeme ulirudi robo saa baadaye. Mashine zote mbili zikawaka, na moja haikuwa na wa kumpumulia.

Alfajiri nesi alikuja kumbadilishia binti plasta. Akasimama, akavuta hewa puani.

"Alikuja?" aliuliza.

Mwokaji akatazama sakafu.

Nesi akakaa ukingoni mwa kiti. Alizungumza kama mtu anayesoma barua ya zamani. "Wakati ule tulikuwa na mashine moja, nayo ikaharibika. Mama mmoja alimbonyezea mwanawe siku mbili. Msusi mmoja, aliyekuwa akiuguza mtu wodi ya pili, alikuwa anamsuka mama huyo pale pale kitini, ili asisinzie. Nilikuwa mgeni kazini, nina wagonjwa wanane. Nilimwambia nakuja baada ya dakika kumi. Nikarudi baada ya arobaini. Msusi alikuwa ameitwa kwa mgonjwa wake. Mama amelala, ambu kifuani, mtoto ameshapoa." Akalainisha plasta shavuni mwa binti. "Alipoamka akamwona, alitoweka; tulimtafuta kila mahali. Viatu vyake vilibaki chini ya kitanda. Mlinzi wa geti anaapa hakumwona akitoka."

"Anataka nini?"

"Mimi husema anakuja kusaidia. Wapo ambao ameshika zamu yao, na wagonjwa wao wakaamka. Inabidi niseme hivyo, baba. Leo jioni nina zamu tena."

Siku ya nne binti alisogeza kidole. Siku ya tano alifumbua macho, na ya sita mpira ukatolewa. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake. Mwokaji aliposikia "baba" alitoka nje, akaegemea ukuta, akalia mpaka mfagiaji akamwekea mkono begani.

Walikuwa wanafunga mizigo warudi nyumbani kinyozi alipoingia. Alikuwa amekonda. Amemkumbatia mtoto kifuani, amemfunika kwa fulana yake mwenyewe. Alifuata karatasi za marehemu, akaona si vizuri kupita bila kusalimia.

"Pole ya ugonjwa, mdogo wangu," alimwambia binti. Kisha akamgeukia baba yake. "Mzee wangu, ndugu wa mke wangu wananiuliza. Wanasema labda nilisinzia. Wewe ulikuwepo. Niambie ukweli. Nilikosea hesabu?"

"Hukukosea," mwokaji alisema. "Hata moja."

Kinyozi akaitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi. "Nashukuru. Hilo litanisaidia." Akampa mkono. Mkono wa kinyozi ulikuwa wa moto, na mwokaji alishindwa kuushika sawasawa. Kijana akaondoka na mwanawe.

Binti alikuwa ameketi kitandani, miguu ikining'inia. Alimtazama baba yake.

"Baba."

"Naam, mama."

"Siku zile zote nilikuwa nasikia. Kope ndizo zilizogoma. Masikio yalikuwa kazini."

Mwokaji akashika shuka, akaanza kulikunja.

"Nilimsikia yule mama akihesabu. Nikakusikia unalia. Halafu akakuuliza, basi nimchukue nani." Binti alimeza mate, koo bado likimuuma. "Pale sikusikia kitu tena. Ulimjibu nini?"

Shuka lilikuwa limeshakunjika. Akalikunjua, akaanza upya. Kwenye ngazi mtoto wa kinyozi alikuwa ameanza kulia, na kilio kile kilishuka ghorofa hadi ghorofa, kikipungua.

"Baba," binti alisema tena, kwa upole. "Ulimjibu nini?"