Si Sadaka, Ni Tumbo

Sadaka ilipoanza kupitishwa, Kitheka alitoka nje tena. Pale kanisani Kitengela watu walishaanza kumcheka. "Yule mzee anatoroka sadaka." Laiti wangejua alikuwa anakimbilia choo.

Tumbo lilimnyonga, likajaa gesi, halafu likamkimbiza. Lakini mwanaume mzima ataanzaje kueleza mambo ya choo? Afadhali aitwe mchoyo.

Sasa kijana Muturi na watu wake walikuwa wanakuja kutoka Kisaju kumposa binti yake, Evalyne. Na siku ya posa, baba wa msichana haondoki mbele ya wageni.

"Ndugu yangu Kiema atakaa mahali pangu," alimwambia mkewe, Katee.

"Evalyne ako na baba. Kwa nini aposwe mbele ya anko?" Katee alikasirika. "Utamwambia Naisenya, ama nimwambie mimi."

Naisenya, jirani yao, ni mhudumu wa afya ya jamii. Kitheka alimweleza huku akiangalia viatu vyake. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Ulienda hospitali?" Naisenya aliuliza.

"Nilienda. Hawakuona minyoo wala kidonda. Daktari akasema utumbo wangu ni mwepesi kusumbuka, nile nyuzinyuzi. Nikaongeza isyo, asubuhi na jioni."

"Mahindi na maharagwe asubuhi na jioni? Pole, baba Evalyne. Umelichokoza tumbo. Maganda ya mahindi ni nyuzinyuzi ngumu, na maharagwe yanaleta gesi. Wewe tafuta nyuzinyuzi laini, zinazoyeyuka. Uji wa oats, karoti ya kupikwa, papai. Uji wa oats unateleza, si ndiyo? Tumboni pia unapita polepole bila vita. Anza na kidogo, na unywe maji."

"Na maziwa?"

"Maziwa ya kawaida yanasumbua wengine. Jaribu mala, yale yaliyochachushwa, nusu kikombe. Iko na bakteria wazuri, wanasaidia watu wengi. Tumbo likikataa, acha. Na ukiona damu, ama ukonde bila sababu, rudi hospitali haraka."

Haikuwa miujiza. Siku nyingine tumbo liligoma. Lakini wiki zilivyopita, lilitulia.

Siku ya posa, Kitheka alikaa kwenye kiti chake tangu maombi. Katee aliwapakulia wageni isyo. Kitheka alimpakulia wali na karoti.

Kiema alimtania. "Mbona unakula chakula ya mgonjwa?"

Wageni wakamgeukia. Ile aibu ikampanda Kitheka tena. Aliangalia viatu vyake, kisha akamwangalia Evalyne.

"Ni tumbo," alisema. "Maharagwe hunikimbiza choo. Hata kanisani sikuwa natoroka sadaka."

Hakuna aliyecheka. Bedan, baba yake Muturi, alikuwa anakoroga isyo yake bila kula. Alisukuma sahani kando.

"Mama Evalyne," alisema polepole, "hiyo karoti imebaki? Mimi kwetu wakipika maharagwe huwaambia nimefunga."