Telegramu Isiyosalimia

"Mpunga usikobolewe."

Maneno mawili tu. Redio ya Pye iliyofichwa ndani ya gunia la tumbaku ikakoroma, kisha ikanyamaza.

Magesa alielewa. Fedha za baruti zisitoke benki leo.

Ilikuwa Mbeya, Julai 1976, saa tano na nusu asubuhi. Baruti iliyoibwa kwenye machimbo ya Chunya ilikuwa imefichwa mahali ambapo Idara ya Usalama haikupajua. Muuzaji alitaka fedha taslimu. Akizipata leo, kesho daraja la Reli ya Uhuru linaruka hewani na treni ya abiria juu yake. Makaburu walikuwa wamekwisha kupanga kila kitu.

Magesa aliketi kwenye benchi la wateja wa benki, koti chakavu la mkulima mwilini, bastola ya Browning kiunoni. Ni karani wa dirishani tu, Kalista, aliyejua kwamba yeye ni mtu wa serikali.

Mlango ukafunguliwa.

Mzungu. Suti ya kaki, miwani ya Ray-Ban, saa ya Omega. Alilipita benchi zima bila kumsalimia mtu, akaenda moja kwa moja dirishani. Magesa alimchukia papo hapo.

"Fourie. Mhandisi wa mifereji, Rujewa," alisema. "Shilingi laki mbili. Iringa wamewaletea telegramu jana."

"Imefika, bwana. Subiri kidogo niihakikishe."

"Haraka. Mnafunga saa sita na nusu."

Kwa malipo makubwa, Mbeya ilipaswa kuipigia simu Iringa na kuuliza. Simu ikiharibika, telegramu ilikubaliwa kwa namba ya siri. Namba hizo zilikuwa kwenye kadi mbili tu: moja ya Kalista, nyingine ya Lea, karani mwenzake wa Iringa. Namba ikitumika, inafutwa.

Na simu ilikuwa kimya tangu jana jioni. Waya ulikuwa umekatwa karibu na Makambako.

Bahati mbaya iliyojipanga vizuri mno, Magesa aliwaza. Akainuka kama mtu anayetafuta choo, akamfuata Kalista chumba cha nyuma.

Kalista alitoa kadi kwenye sanduku la chuma. 7419. Akaitazama telegramu. 7419.

"Namba ndiyo yenyewe, ndugu. Sheria inasema nilipe."

"Labda Lea ameuza kadi."

"Lea? Thubutu!" Machozi yalimlengalenga. "Lakini..."

"Lakini nini?"

"Haijasalimia."

Magesa alimkazia macho.

"Lea ni Mhehe wa Kalenga," Kalista alisema. "Miaka minne hii, kila telegramu anaianza na KAMWENE. Neno linalipiwa, na analilipa mwenyewe. Hata alipofiwa na mama yake alinisalimia kwanza. Leo laki mbili, halafu hakuna salamu?"

Mwingine angecheka. Magesa hakucheka.

"Hesabu polepole," alinong'ona. "Kosea. Anza upya."

"Kama si kweli, kazi sina."

"Najua."

Nje, Peugeot 504 ya Fourie ilikuwa imeegeshwa, nyekundu kwa vumbi. Magesa aliinama kufunga kamba za viatu, akachungulia dirisha la gari. Chini ya kiti kulikuwa na koleo la kukatia waya.

Kisha akasikia kitu kikigonga kwenye buti la gari.

Mara mbili. Kwa unyonge.

Alivunja kufuli kwa kisu. Ndani alilala mwanamke, mikono imefungwa kwa waya wa simu, kitambaa mdomoni. Alikuwa hai.

"Lea?"

Aliitikia kwa kichwa. Magesa akamfungua mdomo na mikono.

"Baruti iko wapi?"

"Rujewa," Lea alisema kwa sauti iliyokauka. "Mashine ya mpunga iliyofungwa. Niliwasikia."

Magesa akamketisha barazani, akarudi ndani, akalivuta gunia lake hadi chumba cha nyuma na kupiga magoti kando yake.

"Kituo, hapa Mwewe. Rujewa, mashine ya mpunga iliyofungwa. Baruti iko humo."

"Sawa, Mwewe. Tunaingia."

Dirishani, Kalista alikuwa anaanza kuhesabu upya kwa mara ya tatu. Jasho lilimtoka na baridi yote ile ya Mbeya.

"Bwana Fourie," Magesa alisema nyuma yake. "Tangu uingie hujatusalimia."

Fourie aligeuka. Bastola ya Walther ilitoka nusu mfukoni.

Kitako cha Browning kilitua kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ukalia. Walther ikaanguka sakafuni, na sekunde mbili baadaye mwenyewe akaifuata.

"Lea yuko nje," Magesa alimwambia Kalista. Kalista alikimbia. Alipomwona Lea ameketi barazani, mikono imevimba, akamkumbatia.

"Kamwene," alisema, akilia.

"Kamwene," Lea akajibu. "Alinishikia bastola, nikaandika namba. Salamu nikaiacha. Nilijua utaitafuta."

Polisi walipomaliza kumfunga Fourie pingu, Magesa alijitwisha gunia lake begani. Alilisalimia benchi zima, mmoja mmoja, akasubiri kila mtu aitikie.

Kisha akatoka.