Taa za Uwanja wa Sint-Veerle

— Mabibi na mabwana, taa hizi zikiwaka, mjue kuna mwanaume mmoja kwisha habari yake!

Wageni wakaangua kicheko. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa nimesimama nyuma yao, mkono mfukoni mwa koti, nimekishika kipimo cha mimba chenye mistari miwili.

Aliyekuwa akiwachekesha ni Wannes, mwanaume ninayeishi naye. Kila jioni anawatembeza wageni hapa Gent, Ubelgiji, kwenye vitu visivyo na kiingilio: kanisa kuu, kichochoro cha michoro, ngazi za mtoni unapokaa na chipsi zako miguu ikining'inia. Mwisho anawaleta uwanja huu. Taa zake zimeunganishwa na wodi za wazazi. Mtoto akizaliwa, kule wanabonyeza kitufe, na huku taa zinang'aa polepole, kisha zinafifia.

Nilikuja nimwambie palepale, chini ya taa.

— Na wewe, kiongozi, una watoto? akauliza bibi mmoja.

— Mimi? Usingizi wangu mtamu, mama. Usiniharibie!

Kicheko tena. Nikageuka, nikapanda tramu mpaka stesheni. Nikamwandikia: "Naenda Oostende kwa mama. Usinifuate."

Treni haijafika hata Brugge, simu ikalia.

— Lieselot, Oostende kuna nini? Mimi huku nimekununulia zile pipi zako za zambarau.

— Kula mwenyewe.

— Nimekosa nini?

— Hujakosa. Umesema la moyoni, na watu wakakushangilia.

— La moyoni lipi? Nimesema wapi?

Nikakata. Machozi yakanitoka mbele ya mkagua tiketi, maskini, akajifanya haoni.

Mama alikuwa mezani anamenya uduvi. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole havisimami.

— Umemwambia una mimba?

— Nimwambie nini, mama? Mtu anayeona mtoto ni msiba!

— Ulimuuliza, au ulimsikia akichekesha wageni? Baba yako mbele ya wenzake aliniita kifungo cha maisha. Nyumbani alikuwa ananikanda miguu.

— Hayo ya baba.

— Haya, kaa hapo ununie ukuta. Au nenda kamsikilize tena. Safari hii usiondoke katikati.

Siku tatu nilisoma meseji zake bila kujibu. Ya mwisho ilisema: "Sijui nimekuumiza wapi. Kitanda kimekuwa kikubwa."

Ijumaa nikarudi Gent. Mvua ilikuwa inanyunya, nikavuta kofia ya koti mpaka machoni, nikajichomeka nyuma ya kundi lake. Alikuwa amekonda uso. Tulipofika uwanjani akaeleza habari za taa, ila ule utani akauruka. Wageni wakasubiri.

— Kwenye mtandao wanasema hapa una utani mzuri! mmoja akamchokoza.

— Nilikuwa nao. Nadhani utani huo umenifukuzia mtu. Nimewaza siku tatu nilisema nini siku ile, sikuona kingine.

Akafuta mvua usoni.

— Ukweli ni huu. Nasimama hapa miaka minne. Zikiwaka, naangalia juu nikijiuliza zamu yangu ya kubonyeza itafika lini. Halafu naona haya, nafanya mzaha. Nawaeleza wageni mji mzima, ila yeye hili sikuwahi kumwambia. Niliogopa atasema hataki.

Nikanyoosha mkono kama mgeni.

— Samahani, kiongozi. Nina swali.

Akageuka upesi. Sauti alishaijua.

— Kile kitufe, anabonyeza baba au mama?

— Li... Lieselot?

— Jibu swali, wageni wanasubiri.

— Yeyote kati yao.

— Basi mimi nitakuwa nimechoka. Mwezi wa kumi na moja utabonyeza wewe.

Akaangalia tumbo langu, akaniangalia usoni, akaliangalia tena tumbo.

— Kweli?

— Kweli, we mjinga.

Alinikumbatia na mwamvuli wake ukaanguka. Wageni walipiga makofi. Taa hazikuwaka jioni ile na hakuna aliyezidai.

Novemba, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, binti yetu Roosje akalia kwa mara ya kwanza. Mkunga akamwita Wannes kwenye kitufe. Akakitazama, akarudi kitandani, akaushika mkono wangu.

— Siwezi peke yangu.

— Mwanaume kwisha habari yake, nikamwambia.

— Kabisa, akajibu huku analia.

Mkunga akakisukuma kitanda mpaka kwenye kitufe, tukaweka kidole cha mtoto juu yake, vyetu juu ya chake, tukabonyeza. Dakika haijaisha, meseji ya mama ikaingia. Alikuwa amesimama uwanjani tangu mchana.

"Zimewaka. Nimewaambia watu wote hapa kuwa mtoto ni wetu."