Kazi Nzuri, Endelea Hivyo Hivyo

Asubuhi ya Igogo, Mwanza, haianzi kimya kimya. Bodaboda zinapanda mlima kwa kukoroma, akina mama wanaita wateja wa samaki, na kwenye kibaraza cha nyumba moja iliyojengwa juu ya mawe, cherehani inalia tangu mapema. Cherehani hiyo ni ya Akelo. Majirani wanamwita Mama Princess, kwa jina la binti yake. Anashona sare za shule, magauni ya kanisani na sketi za vitenge. Mdomo wake haulali. Mteja akichelewa kuchukua nguo yake, wee, atayasikia!

Siku hiyo alikuwa anashona pindo huku akitupa jicho ziwani. Mumewe, Ooko, alikuwa anafunga kamba za viatu ili aende kazini kwenye kiwanda cha samaki.

"Leo Ijumaa," Ooko alisema. "Unazikumbuka Ijumaa zenu?"

"Nizisahau vipi? Ulikuwa unanuna kwamba nimekuachia ugali wa baridi."

"Nilikuwa nanuna, kweli. Lakini ulikuwa unarudi unacheka peke yako mpaka kitandani. Siku hizi sikusikii ukicheka hivyo."

Ooko akaondoka. Akelo akakanyaga cherehani kwa nguvu, kama vile cherehani ndiyo iliyosema.

Zamani palikuwa na Kijiwe cha Ziwa. Kilikuwa kikundi cha watu wa Mwanza wanaoandika mtandaoni, kwenye blogu inayotumia teknolojia iitwayo blokicheni. Mtu anaandika habari yake. Wengine wanaisoma na kuipigia kura. Kura zinamletea mwandishi sarafu za mtandaoni, kidogo kidogo. Lakini utamu wa Kijiwe haukuwa sarafu. Kila Ijumaa jioni walikutana kwenye mgahawa mmoja pale Mirongo. Waliagiza sato wa kukaanga, mmoja akasoma alichoandika, wengine wakamkatiza kwa maswali. Dereva wa bajaji aliandika vituko vya abiria wake. Muuguzi aliandika habari za bustani yake ya mchicha. Mgeni akija, walimsoma na kumuuliza maswali mpaka akasahau kuwa ni mgeni. Jamani, zile zilikuwa Ijumaa!

Akelo aliandika kuhusu mama yake, aliyekuwa anaishi Shirati. Kila Jumapili baada ya kanisa alimpigia simu. Mama alimsimulia jinsi walivyopasua samaki na kuwakausha juani, jinsi walivyopika uji wa mtama wakati wa njaa, na jinsi alivyomkimbia mchumba wake wa kwanza. "Andika, mwanangu," mama alisema, "lakini usiniongezee chumvi." Akelo aliandika vile vile alivyoambiwa, na Kijiwe kizima kikampenda mama huyo ambaye hawakuwahi kumwona.

Sasa mama hayupo. Na tangu juma lile la msiba, Akelo hajafungua tena ile blogu. Habari zote za mama zimo humo, lakini hawezi kuzigusa. Kila akitaka kuzisoma, roho inamuuma kwa sababu anajua kuna nini chini yake.

* * *

Jioni hiyo ilisikika hodi. Alikuwa Kokulinda, jirani wa nyumba ya pili, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi. Ni yeye aliyemwingiza Akelo kwenye Kijiwe miaka ile.

"Karibu, Mwalimu. Kaa, ila usikalie hizo sare."

Kokulinda akakaa kwenye kigoda. "Mama Princess, nimekuja kwa jambo moja. Kijiwe kinakufa."

"Kife tu," Akelo alisema, bila kuinua macho.

"Usiseme hivyo. Tumebaki watu wachache. Anayeandika hasomwi. Kaka Osward, msimamizi wetu, amehangaika sana. Mwezi uliopita alitangaza kwamba watu waje waandike walipwe. Vijana walijaa kwenye kikundi! Wakakopi habari za watu wengine mtandaoni, wakazibandika kama zao. Walipoona fedha haziji haraka, wakatoweka. Tunataka wenyeji warudi. Tunataka urudi."

Akelo akasimamisha cherehani. "Mwalimu, wewe unaijua mitambo. Naomba unifutie maandishi yangu yote. Ya mama yote. Yatoke humo."

Kokulinda akamtazama. "Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Ngoja nikueleze. Kikoba chenu, kumbukumbu za fedha anatunza nani?"

"Mhazini."

"Mhazini akibadilisha namba, nani atajua?"

"Ee, ndiyo maana tulimfukuza yule wa kwanza."

"Sasa fikiria kila mwanachama anatunza nakala yake, na zote zinafanana. Mmoja akibadilisha ya kwake, wengine wote wanamwumbua. Blokicheni iko hivyo. Unachoandika kinatunzwa na kompyuta nyingi, kila moja na nakala yake. Unaweza kurekebisha kinachoonekana mbele, lakini cha kwanza kinabaki kwenye kumbukumbu. Hakuna mkubwa wa kumpigia simu akifute. Ndiyo maana siku zote nawaambia watu wafikiri kabla ya kuandika."

"Na alichoandika mwenzangu chini yangu?"

"Hicho ndicho kabisa huwezi kukigusa. Ni cha kwake."

Macho ya Akelo yakalowa. Kokulinda aliona kwamba hapa pana kitu, akauliza taratibu, "Kuna nini chini ya maandishi yako?"

Basi Akelo akasema. Mama alipofariki, baada ya mazishi alikaa kwenye jamvi kule Shirati akaandika. Aliandika kwamba mama amekwenda. Aliandika alivyomshika mkono, na maneno aliyomwambia mwisho. Aliwaandikia watu wa Kijiwe, kwa sababu ni watu waliomjua mama yake. Wakati ule Kokulinda alikuwa masomoni Dodoma, na watu wa Kijiwe hawakuwa wanakutana tena Mirongo. Asubuhi yake Akelo alifungua simu akitafuta pole.

"Nikakuta nini, Mwalimu? Nikakuta 'Kazi nzuri, endelea hivyo hivyo!' Mwingine, 'Hongera dada, tunasubiri nyingine.' Nyingine ipi? Nina mama wangapi mimi? Wamenipigia kura, kura nyingi kweli kweli, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mama yangu aliitwa nani!"

Kokulinda akaweka mkono kinywani.

"Pole sana, dada yangu," alisema. "Sikuwahi kutazama pale chini. Ningeyaona, ningekuja mbio. Sasa nimeelewa kilichokiua Kijiwe. Sisi tunasema ni bei ya sarafu kushuka. Siyo. Tulianza kufa bei ilipopanda. Watu waliweka programu za kupiga kura na kutoa maoni zenyewe, mwenye simu amelala. Nipigie nikupigie, hakuna anayesoma."

"Nani alikuwa wa kwanza kuandika ile kazi nzuri, unamjua?"

"Nani?"

"Mwulize huyo Kaka Osward wako."

* * *

Osward alikuwa karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Nyamagana, mtu wa maneno mengi na shati lililopigwa pasi. Ndiye aliyekuwa anasimamia Kijiwe. Kokulinda hakumweleza kitu. Alimwambia tu, "Nenda kwa Mama Princess, umwombe mwenyewe."

Jumamosi akafika, ameshika mkungu wa ndizi, anatabasamu. "Mama Princess! Umetupotea. Safari hii nimepanga vizuri. Tutatoa zawadi kwa atakayepata kura nyingi..."

"Shemeji, kaa kwanza," Akelo alimkatiza. "Unasoma Kiswahili?"

"Ah, utani huo."

Akelo alikuwa ameshafungua blogu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Akampa simu. "Soma. Kwa sauti, kama zamani."

Osward akaanza kwa sauti ya Ijumaa, ile ya kuchangamsha watu. "Mama yangu amekwenda. Alikuwa amelala upande wa dirisha kwa sababu alipenda kusikia ziwa..." Sauti ikashuka. Akasoma mpaka mahali ambapo mama alimwambia Akelo asisahau kugeuza samaki kabla jua halijawa kali. Hapo akasita, kisha akaendelea mpaka mwisho. Kisha akaona maoni ya kwanza. Akaona na jina lake.

"Mimi sikuandika hivi," alisema. "Mungu anaona. Niliweka programu. Ilikuwa inajibu yenyewe."

"Ndiyo hivyo, shemeji. Hukuwepo."

Osward akauweka ule mkungu chini. Alikuwa amekula kwa Akelo mara nyingi. Alikuwa amecheka mpaka machozi kwa habari za mama huyo na mchumba wake. Na hakujua kwamba amefariki.

"Naweza kurekebisha hapo mbele, isionekane," alisema. "Mwalimu alinifundisha."

"Usirekebishe. Itabaki tu huko nyuma. Halafu mimi nitabaki peke yangu ninayejua."

Osward alivua miwani, akaifuta kwa shati lake zuri mpaka likakunjamana. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mama aliitwa nani?"

Akelo aliangua kilio. Alilia kama siku ile ya kwanza, na Ooko akatoka ndani mbio akidhani kuna aliyeanguka.

"Amondi," alisema alipopata sauti. "Aliitwa Amondi, kwa kuwa alizaliwa alfajiri."

* * *

Jumapili iliyofuata watu wa Kijiwe walikuja Igogo. Hawakuwa wengi. Walileta sukari na unga, wakavua viatu mlangoni, wakakaa kwenye mikeka kama watu waliokuja msibani, kwa sababu ndivyo walivyokuja. Dereva wa bajaji alikuwepo, na muuguzi mwenye mchicha. Walisoma habari za mama Amondi kwa zamu, moja baada ya nyingine. Walipofika kwenye ya mchumba, watu walicheka, na Akelo akacheka nao huku anafuta machozi.

Kisha kila mtu akatoa simu yake akaandika chini ya habari ile ya msiba. Hakuna aliyefuta neno la zamani. Walitoa pole, na kila mmoja akataja kitu alichokisoma: dirisha, samaki, mkono. Osward aliandika mwisho. Alisema kwamba maneno ya kwanza hapo juu yana jina lake, na kwamba hakuyasoma aliyokuwa anayapongeza.

Baada ya chai, Kokulinda alisema, "Sasa tuongee. Tukitaka Kijiwe kipone, tutafanyaje?"

"Zile programu tuzizime," Osward alisema kabla ya mtu yeyote. "Leo. Hapa hapa."

"Na mtu asimdanganye mgeni kwamba atatajirika," muuguzi alisema. "Sarafu inapanda, inashuka. Fedha ya karo usiitafute huku."

"Na tusikopi," dereva wa bajaji alisema. "Kila mtu aandike anachokijua. Mimi naijua bajaji."

"Na ukitoa maoni," Akelo alisema, "utaje kitu kimoja ulichokisoma, au uulize swali. Huna muda wa kusoma? Nyamaza. Kunyamaza hakuumizi."

Wakakubaliana. Kisha Kokulinda akakumbusha habari ya ufunguo, yaani yale maneno marefu ya siri ya kufungulia akaunti. "Benki ukisahau namba ya siri, unakwenda dirishani na kitambulisho. Huku hakuna dirisha. Ukiupoteza, akaunti imekwenda. Akijua mwingine, ni yake. Andikeni kwenye karatasi, mfiche, na msimpe mtu hata akijiita mhudumu. Mama Princess, wako uko salama?"

"Uko salama. Niliushonea ndani ya pindo la pazia."

"Pazia lipi?"

"Mwalimu! Si umesema nisimwambie mtu?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Ooko alicheka kuliko wote, maana hata yeye hakuwa anajua.

* * *

Kijiwe hakikurudi kuwa kikubwa kama zamani. Lakini Ijumaa zimerudi. Mgahawa wa Mirongo umebadilisha mwenye mali na sato wao siku hizi ni mdogo, ila maswali ni yale yale. Wanaoandika wanasomwa, na wanaosomwa wanarudi kuandika. Sarafu zikija, ni za kununua vocha na soda. Ooko ameanza tena kununa kuhusu ugali wa baridi, na ananuna huku ameridhika.

Juzi mama mmoja wa Ukerewe aliandika chini ya habari ya kukausha samaki. Alikuwa amejaribu njia ya mama Amondi. Akauliza, "Chumvi anaweka kabla ya kupasua au baada?" Akelo aliwaza jinsi mama yake angemjibu kwa ukali, kisha akajibu yeye: baada, na usiongeze.

Jana akiwa kwenye cherehani, aliona habari mpya. Mwandishi alikuwa Odeta, muuza dagaa, mgeni kabisa. Ameandika kuhusu bibi yake aliyemlea. Sare za shule zilikuwa zimerundikana na mteja alikuwa mlangoni anapiga miguu chini. Kidole cha Akelo kilikwenda kwenye kura. Kikasimama. Aliiweka simu kifudifudi, akamaliza pindo, akampa mteja nguo yake pamoja na maneno mawili matatu ya kumkumbusha muda waliokubaliana.

Kisha akakaa, akasoma habari ya Odeta kuanzia juu mpaka chini. Akaandika:

"Odeta, nimesoma. Hapo uliposema alikuwa anakuita kwa kupiga sufuria, nimecheka. Bibi aliitwa nani?"