Rambirambi za Bibi Magdalena

Kila Jumamosi, Annastella alipomaliza kumenya ndizi za mchana, alinawa mikono mara mbili kwa sabuni ili utomvu usichafue karatasi. Kisha alifuta meza na kuketi upande wa dirishani. Mama yake mdogo, Theopista, aliketi upande wa pili na daftari lake. Meza hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi ya Tusimame, shirika dogo la kijamii, na mafaili yake yalipangwa juu ya friji bovu hapo hapo nyumbani kwao Nshambya, mjini Bukoba.

Tusimame ilipanga chumba kimoja mjini Muleba. Jumatano na Jumamosi mchana, watoto wenye udhaifu wa viungo walifanyishwa mazoezi humo na mtaalamu: kuketi, kushika, kusimama. Wazazi hawakulipa chochote. Lakini mfuko wa hisani uliogharamia chumba na mtaalamu ulikuwa umefikia mwisho wa mkataba wake. Kama mfadhili mwingine asingepatikana hadi mwisho wa Juni, kituo kingefungwa.

Kwa hiyo mama mdogo alikuwa mtu wa kuandika maombi. Aliandikia kampuni, benki na mifuko ya hisani. Kila ombi lilikuwa na bajeti, picha, na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono kuhusu mtoto mmoja wa kituo. Ukurasa huo ulikuwa kazi ya Annastella, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na mwandiko uliosifiwa darasa la saba zima. Mama mdogo alizungumza na walezi kwa Kihaya, akanukuu kwa kifupi daftarini, naye Annastella akayaandika vizuri kwa Kiswahili.

"Andika alivyosema mwenyewe," mama mdogo alimwambia kila mara. "Usipunguze, usiongeze."

Mwezi wa nne majibu matatu yalifika, yote ya kukataa. La tatu lilisema: "Tulipokea maombi mengi, tukachagua yale yaliyotugusa zaidi." Mama mdogo alilisoma kwa sauti, akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Sasa nifanyeje? Nilie ndani ya bahasha?"

Shuleni, Annastella alimsimulia rafiki yake Maulida.

"Barua zako zimenyooka kama rula, ndiyo maana," alisema Maulida. "Dada yangu akitaka nauli kwa mjomba, kwanza anaumwa, kisha anafiwa. Mwaka huu tumeshazika shangazi wawili ambao hatujawahi kuwa nao!"

Walicheka mpaka kengele ikalia. Lakini maneno yale yalibaki kichwani mwa Annastella.

Jumamosi iliyofuata waliandaa ombi kwa kampuni moja ya kahawa ya Bukoba. Mtoto wa safari hii alikuwa Evelyne, mwenye miaka sita, aliyelelewa na Bibi Magdalena. Daftarini kulikuwa na mistari mitatu tu: "Bibi anambeba mgongoni saa moja na nusu. Anapumzika mara mbili. Evelyne ameanza kusimama akishika kiti."

Annastella aliitazama mistari ile. Aliiona mikavu, isiyoweza kumliza mtu. Akaandika: "Bibi yake Evelyne alifariki mwezi wa pili."

Baada ya sentensi hiyo, maneno yalikuja yenyewe. Aliandika juu ya kitenge kilichobaki kimekunjwa kitandani, ambacho hakuna aliyethubutu kukikunjua. Aliandika juu ya majirani waliojaa uani, na juu ya mtoto aliyeamka asubuhi, akamwita marehemu kwa mazoea, halafu akanyamaza. Hayo hakuyabuni. Aliyaona mwenyewe mwaka uliopita, mama yake mzazi alipofariki.

"Umemaliza?" aliuliza mama mdogo, macho yake yakiwa kwenye bajeti.

"Nimemaliza."

"Umeandika alivyosema?"

"Ndiyo, mama mdogo."

Mama mdogo alimwamini. Bahasha ikafungwa bila kusomwa.

Wiki mbili baadaye, kampuni ilipiga simu. Walitaka kutembelea kituo Jumamosi. Mama mdogo aliweka simu mezani akacheza peke yake jikoni, mwiko mkononi. Annastella alikusudia kusema ukweli baada ya chai. Baada ya chai akasema moyoni, kesho. Kesho ikafika, akaiahirisha tena.

Jumamosi hiyo Annastella na mama mdogo walikuwa kituoni Muleba. Akina mama walikuwa wameketi kwenye benchi na watoto wao wakati Bwana Rutaihwa, msimamizi wa misaada ya jamii wa kampuni, alipoingia na wenzake wawili. Hakuuliza habari za chumba wala za mtaalamu. Alivua kofia.

"Evelyne ni yupi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mama mdogo alimwonyesha. Bwana Rutaihwa akachuchumaa mbele ya mtoto. "Pole sana, mwanangu." Kisha akawageukia watu. "Barua ilisomwa ofisini, na mwenzetu mmoja alilia. Tukasema, haiwezekani kwenda kwa mfiwa mikono mitupu." Wenzake wakaweka kwenye benchi mfuko wa sukari, doti ya kitenge na bahasha ya mchango. "Nani anamlea sasa, tumkabidhi rambirambi?"

"Namlea mimi," alijibu kikongwe aliyekuwa akimfuta Evelyne magoti. "Kwani nani amekufa?"

"Bibi yake. Marehemu Magdalena."

"Mawe!" Kikongwe alimaka kwa Kihaya, akasimama. "Magdalena ni mimi!"

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mwingine alisogea mbali na ile sukari kama imemwagiwa sumu. Mama mdogo aliomba ule ukurasa, akausoma hadi mwisho, kisha akarudi katikati.

"Kitenge hiki kilichokunjwa kitandani nakijua," alisema polepole.

Annastella aliangua kilio. "Niliandika mimi! Mama mdogo hakujua."

Bwana Rutaihwa alivaa kofia yake. "Mama Theopista, ombi hili nalisimamisha. Aliyelia nitamwambia nini?" Aligeuka kuondoka.

"Vitu vyako, baba!" aliita Bibi Magdalena.

"Baki navyo tu, bibi."

"Sibaki navyo! Rambirambi ya mtu aliye hai haipikiwi chai." Lakini gari lilikuwa limeshaondoka. Bibi akamgeukia Annastella. "Wala sirudishi mimi, watu wakadhani nimefufuka. Aliyetangaza msiba ndiye atakayeutangua. Nenda ukawaambie nipo."

"Bibi, nisamehe."

"Nitakusamehe ukirudi."

Jumatatu, mama mdogo alimwombea ruhusa shuleni. Annastella aliingia katika ofisi za kampuni akiwa amebeba mfuko wa sukari kichwani na kitenge kifuani. Mama mdogo alishika bahasha, akasimama nyuma yake. Bwana Rutaihwa aliwaita wafanyakazi.

Annastella alisema yote: kwamba Bibi Magdalena yu hai, na kwamba uongo ulikuwa wake peke yake. Sauti ilimkatika mara mbili, mara mbili akaanza tena.

"Kwa hiyo nililia bure?" aliuliza mama mmoja mnene aliyesimama karibu na mlango.

"Hapana, mama. Yale yalitokea. Ila yalikuwa ya mama yangu mimi."

Annastella akafungua daftari na kusoma ile mistari mitatu.

"Saa moja na nusu, mgongoni?" aliuliza yule mama. "Na uzee wake?"

"Ndiyo. Kwenda na kurudi."

Bwana Rutaihwa alipokea vitu vyake. "Umefanya vizuri kuja. Lakini siwezi kuahidi lolote. Ombi litaanza upya, na safari hii tutahakiki kila neno."

Wiki zilizofuata zilikuwa nzito. Mwenye nyumba wa Muleba alileta notisi ya kuhama. Mama mdogo alizungumza kidogo, akala kidogo. Hakumpiga Annastella wala hakumnyang'anya kalamu, ila utaratibu ulibadilika: kila ukurasa ulisomwa kwa sauti mbele ya mlezi, kwa Kihaya, na mlezi akaweka saini au dole gumba kabla bahasha haijafungwa. Annastella alipokutana na Bibi Magdalena kituoni, alipiga magoti kumsalimu.

"Umeniua, ukanifufua," alisema bibi. "Nimekusamehe. Sasa nibebee huyu mpaka kisimani, maana nimechoka kwelikweli."

Annastella alimbeba Evelyne. Hata kabla ya kufika kisimani, mgongo ulimwuma na kifua kikambana. Alielewa kwamba mstari ule haukuwa mkavu. Yeye ndiye hakuwa ameujua uzito wake.

Jibu lilikuja tarehe ishirini Juni. Kampuni ingelipia chumba na mtaalamu kwa mwaka mmoja, lakini kwa siku moja tu ya wiki badala ya mbili. Mama mdogo hakucheza. Alikunja barua, akashusha pumzi ndefu, akamwita Annastella mezani.

"Kituo kimepona, lakini kwa nusu," alisema. "Anayetupa msaada haoni tunayoyaona, anatuamini tu. Tukimdanganya, mlango unaofungwa si wangu wala wako, ni wa Evelyne. Shida ya mtu iseme ilivyo. Ukiipamba, umemnyang'anya hata hiyo."

"Nimeelewa, mama mdogo."

"Bado jingine. Ulikuwa na kilio ambacho hukuwa na pa kukiweka, ukakiweka kwa Bibi Magdalena. Hapo nami nina kosa. Mwaka mzima nimeandika habari za watoto wa watu, na wewe uliye mezani kwangu sijakuuliza."

Alichomoa karatasi safi, akaisogeza mbele ya Annastella.

"Yaandike ya mama yako, kwa jina lake. Haya hatumtumii mtu."

Annastella alichukua kalamu, akaandika: "Mama yangu aliitwa Adventina." Akaendelea, na mama mdogo akabaki ameketi hapo upande wa pili, asimharakishe.