Bastola ya Mpini wa Mwerezi

Droo ilinuka baruti iliyoungua, na bastola iliyokuwamo ilikuwa haijawahi kupigwa hata mara moja. Odessa aliinusa tena, akaifunga haraka.

Ilikuwa bastola mpya ya mtindo wa kale: mitutu minne imefungwa pamoja, fupi, yaenea mfukoni. Mumewe, Cleavon, aliinunua baada ya jirani kuvunjiwa nyumba. Hakuupenda mpini wa plastiki, akachonga mwingine kwa mwerezi ulioangushwa na tufani makaburini. Pale kisiwani kwao, Carolina Kusini, hata kikombe kilichopasuka juu ya kaburi hakiguswi, ni mali ya marehemu. Lakini Cleavon alikaa Atlanta miaka mingi, akarudi na ujuaji wake.

Mchana mmoja wanakula wali mwekundu na bamia, chumbani kukasikika mlio wa bastola: ka, ka, ka, ka.

"Umeiacha bastola nje?" Odessa alinong'ona.

"Nimeifungia mwenyewe. Wewe ndiye unaichezea."

"Mimi? Hilo lidude lako hata kulitazama sitaki, Baba Junie!"

Waliikuta juu ya kitanda, mitutu imeelekea chumba cha binti yao Junie, wa miaka saba. Waliirudisha. Kesho yake ikawa vilevile, na Odessa akaanza kulala na mtoto, viatu miguuni.

Baraza ya mbele dari lake lilikuwa buluu tangu enzi za mama mkwe, kwa sababu pepo huidhani buluu ile ni maji, na maji hawavuki. Odessa akanunua kopo la rangi hiyo, akapaka mlango wa nyuma na madirisha yote. Maskini, alidhani analinda. Kuanzia hapo harufu ya baruti ikatambaa mpaka kwenye mito na nywele za mtoto, na ile milio ikawa haingoji saa ya chakula, ikawafuata jikoni, ikawafuata bafuni, ikanyamaza kidogo tu ili watege masikio.

Cleavon akaichukua bastola akaitupe mtoni. Mlangoni mkono ulioishika ulikakamaa. Alisukuma kwa bega, akalia kwa maumivu, mkono haukuvuka.

Wakamwita Bibi Ruthell, mganga wa mizizi. Alisimama uani, akakataa kukanyaga ngazi.

"Nani kapaka huku nyuma?"

"Mimi, Bibi."

"Lini? Hilo pepo lilikuwa limeshaingia ndani?"

"Baada ya milio kuanza, Bibi."

"Basi mmelifungia, wanangu. Huyu kalibeba mkononi, wewe ukalizibia njia. Kwangua!"

Odessa akakwangua mlango wa nyuma kwa kisu cha jikoni, rangi ikimwingia kwenye kucha, huku ndani mitutu ikilia upesi zaidi na Cleavon akiwa amesimama mbele ya mlango wa Junie, bastola ikijipinda mkononi mwake kama samaki, akimwomba Mungu na kumtukana mwenye mwerezi kwa pumzi ileile, mpaka ubao mtupu ukaonekana na mkono wake ukalegea ghafla.

Akatoka mbio kwa mlango huo. Akaufukia mpini makaburini, bastola akaitupa mtoni. Bibi Ruthell akaamuru mlango upakwe tena papo hapo, lisije likarudi. Nyumba ikanuka rangi mbichi tu. Cleavon akacheka, akajifuta machozi bila aibu.

"Haya, mleteni mtoto apate hewa," Bibi akasema, akiwatangulia kuzunguka mbele ya nyumba.

Junie akatoka kwa mlango wa mbele, kamshika mdoli. Alipofika chini ya dari la buluu akasimama.

"Njoo, mama," Odessa akamwita kutoka chini ya ngazi.

"Siwezi."

"Siwezi nini? Acha utani, njoo."

Mtoto akanyoosha mguu. Mguu ukakakamaa hewani. Akaanza kulia, na pumzi yake ikawafikia mpaka pale chini, inanuka baruti.

Cleavon akamnyang'anya mkewe kisu, akakimbilia ngazi akalikwangue dari. Bibi Ruthell akamdaka mkono.

"Ukikwangua, atatoka," alisema taratibu. "Ila sijui atatoka nani."

Odessa akapanda ngazi, akaingia ndani, akamkumbatia mwanawe, akafunga mlango.